Kutoka Lualaba hadi Barafuni

Mswidi wa kwanza kuvuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki alipita Maniema mwanzoni mwa 1886. Aliitwa Edvard Gleerup, luteni, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa ametumikia dola ya Mfalme Leopold katika kituo cha Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Mswidi mwenzake, Luteni Arvid Wester. Muda wake ulipokwisha hakuteremka na mto kurudi kwao kwa njia aliyojia. Alipanda Lualaba: Nyangwe, Kasongo, Ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, hadi Bagamoyo. Katikati ya mwaka ule ule alikuwa anaitazama Bahari ya Hindi.

Mji wa Kindu haukuwapo bado. Palikuwa na vijiji, na wavuvi wa Kigenya, na mto. Lakini ukisimama leo gatini upande wa Kasuku, ukitazama mitumbwi inavyovusha watu, baiskeli na magunia kwenda Alunguli, unatazama maji yale yale aliyopandia yule kijana. Hapo ndipo nilipoanza kumfuata, kwa miguu pale panapopitika, na kwa ramani na vitabu pale pasipopitika. Sikuwa na hamu ya ushujaa wake. Vijana wa hapa wanaponiuliza habari za Ulaya, wawe wa mpira au wa masomo, wanauliza jambo moja tu: yule aliyefika, alifikaje? Nikaona niwajibu kwa kumfuata mtu mmoja. Sikujua kwamba njia ingenifikisha kwa msichana wa Stockholm aliyesimama golini juu ya barafu, lakini ndiko ilikokwenda.

Tuanze na luteni. Alifikaje? Kati ya Stanley Falls na Tanganyika, mwaka ule, Leopold hakuwa na askari hata mmoja wa kumlinda. Nchi ilikuwa mikononi mwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, na ndugu na mawakala wake. Chakula, mitumbwi, wapagazi na ruhusa ya kupita vyote vilitoka kwao. Na wao walisimama juu ya mikopo ya Zanzibar, kwa matajiri kama Taria Topan, aliyetoa bidhaa leo akisubiri pembe miaka kadhaa baadaye. Lugha ya kuombea maji na kuulizia njia ilikuwa Kiswahili, kilichokwisha kufika huku kabla ya Mzungu yeyote. Kwa hiyo Gleerup hakukata njia. Alikuta njia pana, yenye vituo, yenye bei zinazojulikana na yenye wenyewe. Huko kwao akahesabiwa kuwa mvukaji wa Afrika, na pamoja na wenzake wawili, Möller na Pagels, akatoa kitabu juu ya miaka yao ya Kongo.

Waliobeba mizigo hawakuhesabiwa, ingawa walikuwa wamemtangulia mbali. Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo 1874, ukapita Nyangwe 1876, ukatokea Bahari ya Atlantiki Agosti 1877. Katika watu waliorudishwa Zanzibar kwa meli baada ya safari ile walikuwamo wanawake, wake wa wapagazi, waliotembea kutoka bahari hadi bahari, wengine wakiwa na watoto. Mwanamke wa Kiunguja alivuka Afrika karibu miaka tisa kabla ya luteni wa Kiswidi. Hakuna aliyemwomba kitabu.

Njia yenyewe, tusiipambe. Wanaoisifu kwa kutuletea Kiswahili, mchele na kanzu wasimame kidogo Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiwa pale, watu wa misafara walifyatua risasi sokoni. Soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake: walivuka mto na samaki, vyungu, mafuta ya mawese na kuku. Wengi waliokufa walikuwa wao, kwa risasi na kwa kuzama walipojitupa mtoni. Wenye misafara walimtajia Livingstone hesabu kati ya 330 na 400. Mwenyewe aliandika kwamba hakuna atakayejua hesabu kamili. Nyangwe ya leo haina cha kumwonyesha mgeni. Njia iliyompitisha Gleerup salama miaka kumi na mitano baadaye ilikuwa hiyo hiyo.

Kisha njia ikageuka. Kabla ya 1893, pembe ya Maniema ilikwenda mashariki, begani, mpaka Bagamoyo. Machi 1893 majeshi ya Leopold, chini ya kamanda Dhanis, yalichukua Nyangwe, Aprili yakachukua Kasongo, na tangu hapo pembe ikaanza kuteremka magharibi. Tippu Tip alikuwa ameondoka Kongo tangu 1890. Alifia Zanzibar 1905. Nyuma yake ilikuja kampuni ya Baron Édouard Empain, yule yule wa reli ya chini ya ardhi ya Paris, iliyoundwa 1902 ili iunganishe mto na maziwa kwa reli. Kipande cha kwanza, Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, kilifunguliwa 1906. Kutoka Ubundu meli zilipanda hadi mahali ambapo mawe na maporomoko ya juu huzuia, na hapo reli ikaanza tena kwenda Kongolo. Kipande hicho kilikamilika 1911. Mahali pa kushusha mzigo kutoka behewani na kuupakia melini ndipo palipozaa mji wetu, na katika ramani za Wabelgiji uliandikwa Kindu-Port-Empain, bandari ya Baron. Mji wa makuli, makarani na mafundi wa reli. Stesheni ipo bado. Treni kutoka Lubumbashi ikija, mji wote hujua, maana haiji kila wiki wala kila mwezi.

Pembe na mpira wa miti, na baadaye bati la Kalima, vilishuka mto, vikapita Kisangani na Kinshasa, vikapanda reli ya Matadi, vikavuka bahari. Mwisho wa safari ulikuwa Antwerp. Mji huo wa Ubelgiji uligeuka soko kubwa la pembe za ndovu duniani mwishoni mwa karne ya 19, ukazipita hata London na Liverpool. Mpira wa Kongo ulirundikwa kwenye maghala yake. Kuna mitaa mizima ya nyumba nzuri kule ambayo mtu wa Maniema anaweza kuitazama akajua ilijengwa na nini.

Na Antwerp ndiko Waswidi walikojifunzia mpira wa magongo wa barafuni mbele ya ulimwengu.

Ilikuwa Aprili 1920. Antwerp iliandaa Michezo ya Olimpiki, na miezi kadhaa kabla ya riadha za kiangazi ikaandaa mashindano ya hoki ya barafu katika jumba lililoitwa Palais de Glace. Sweden ilikuwa na mchezo wake wa barafuni, bandi: watu kumi na mmoja kila upande, uwanja mkubwa kama wa soka, na mpira mdogo wa duara. Hoki yenye kisahani cheusi cha mpira haikuwa yao. Mmarekani mmoja wa biashara ya sinema, Raoul Le Mat, ndiye aliyewashawishi wapeleke timu, naye akawafundisha. Walikwenda na wachezaji wa bandi. Tarehe 23 Aprili walicheza na wenyeji, Ubelgiji, wakashinda 8 kwa 0. Siku chache baadaye Wakanada, Winnipeg Falcons, wengi wao wana wa wahamiaji wa Iceland, waliwafunga 12 kwa 1. Sweden ikamaliza ya nne kati ya timu saba. Hadi leo klabu bingwa ya wanaume Sweden hukabidhiwa kombe lenye jina la Le Mat.

Sisemi kwamba kisahani kilichotelezeshwa siku ile kilitoka msitu wa Maniema. Hilo siwezi kulithibitisha na halina haja. Nasema mji ambao mali yetu ilitua ndio uliokuwa na fedha za kujenga jumba la kugandisha maji na kuwaalika vijana wa nchi saba waje wacheze humo. Hata michezo hufuata mizigo. Soka la Kongo lilitembea hivyo hivyo, kwa reli, migodi na misheni: mwaka 1939 watawa wa Kibenediktini wa Élisabethville waliwaundia wavulana wa shule timu ambayo leo ni TP Mazembe. Nimetaja wavulana kwa makusudi. Katika hoki ya Palais de Glace hapakuwa na mwanamke uwanjani, na kwenye kiwanja cha watawa vilevile.

Ilichukua miaka sabini. Mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya hoki ya wanawake yalifanyika Ottawa 1990, Sweden ikawa ya nne. Olimpiki iliwafungulia mlango Nagano 1998, kwa timu sita tu. Sweden ikawa ya tano. Wakati huo Wakanada na Wamarekani walikuwa peke yao juu, na wengine wote walicheza kugombea nafasi ya tatu. Msichana wa Kiswidi aliyetaka hoki alianza katika timu ya wavulana, kwa kuwa ya wasichana mara nyingi haikuwapo. Alivaa jezi yao, akavumilia miili yao, na umri ulipofika wa kutenganishwa akajikuta hana pa kwenda, au ana klabu inayopewa barafu saa za usiku, wengine wakishaimaliza.

Kim Martin alizaliwa Stockholm tarehe 28 Februari 1986, miaka mia moja na wiki chache baada ya Gleerup kupanda mto wetu. Alikuwa kipa. Katika mchezo huu kipa hubeba zaidi ya wengine: kisahani chenye uzito wa gramu kama 160 hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke, na kinakuja kwa kasi ambayo jicho halikifuati vizuri, kipa husoma mkono wa mpigaji, si kisahani. Februari 2002, Salt Lake City, Sweden ilikutana na Finland kugombea shaba. Aliyewekwa golini ni huyo msichana, aliyekuwa hajatimiza miaka kumi na sita. Alibakiza siku saba. Sweden ikashinda 2 kwa 1. Mtoto wa shule akarudi nyumbani na nishani ya Olimpiki.

Miaka minne baadaye, Torino, ndipo penye hadithi yenyewe. Tarehe 17 Februari 2006, nusu fainali, Sweden na Marekani. Sweden haikuwa imewahi kuwafunga Wamarekani katika hoki ya wanawake, hata mara moja. Kwenye mashindano makubwa hakuna timu nyingine iliyokuwa imewashinda isipokuwa Kanada, na kila fainali ya dunia na ya Olimpiki ilikuwa ya hao wawili. Wamarekani walitangulia kwa mabao mawili, na waliozoea waliona mambo yamekwisha. Maria Rooth akafunga. Akafunga tena, mara hii Sweden ikiwa na mchezaji mmoja pungufu uwanjani. Mbili kwa mbili. Dakika za kawaida zikaisha, za nyongeza zikaisha, ikaja mikwaju.

Katika hoki mkwaju haupigwi kisahani kikiwa kimesimama. Mshambuliaji huanzia katikati ya uwanja, anamjia kipa peke yake, anamdanganya kwa mabega, kwa macho, kwa gongo, na kipa haruhusiwi kuhamaki. Wamarekani wanne wakaja. Martin, wa miaka kumi na tisa, akawazuia wote wanne. Kwa Sweden akafunga Pernilla Winberg, ambaye alikuwa bado na miaka kumi na sita, kisha Rooth akamaliza. Kabla ya mikwaju, Martin alikuwa ameokoa mashuti 37. Siku tatu baadaye Kanada iliwafunga Waswidi 4 kwa 1 katika fainali, wakatwaa fedha. Timu ya wanawake ya Sweden haijapita hapo.

Magazeti ya siku zile yaliita muujiza. Mimi neno hilo nalipinga kwa sababu ile ile niliyopinga ushujaa wa luteni. Rooth hakutoka hewani: alikuwa amesoma na kucheza Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, Marekani, na kutwaa ubingwa wa vyuo 2001, 2002 na 2003. Aliwajua Wamarekani kwa kuwa alikula nao, akasafiri nao, akafungana nao. Kocha, Peter Elander, alikuwa na kikosi kilichokwisha kuchukua shaba ya dunia mwaka uliotangulia. Chini yao kulikuwa na viwanja vya barafu ambavyo kwa sehemu kubwa ni mali ya manispaa, vimejengwa kwa kodi, ambako mtoto wa dereva wa basi huteleza mahali pamoja na mtoto wa daktari. Jumba lenye barafu ya mita 60 kwa 30, linalogandishwa usiku na mchana, si mali ya familia moja. Kila msichana wa Kiswidi anayepanda leo alipewa jumba hilo na watu wasiomjua. Martin mwenyewe baadaye alimfuata Rooth Duluth, na 2008 chuo kile kilichukua ubingwa naye akiwa golini. Alicheza Olimpiki nne, hadi Sochi 2014.

Lakini njia iliyokatwa huota majani. Baada ya 2006, Sweden ilianza kushuka: ya nne 2010, ya nne 2014, ya saba 2018, na Aprili 2019, huko Espoo, wakashushwa daraja katika mashindano ya dunia, jambo ambalo halikuwa limewahi kuwapata. Agosti mwaka huo wachezaji 43 waliitwa kambini, na wote 43 wakakataa kuingia. Madai yao hayakuwa ya kifahari: fidia kwa siku za kazi wanazozikosa, bima, safari zisizowachosha kabla ya mechi, mavazi yaliyokatwa kwa miili ya wanawake badala ya mabaki ya wanaume. Wengi wao walikuwa wanasoma au wana ajira nyingine, maana ligi haikuwalisha. Miezi miwili baadaye shirikisho likakubaliana nao. Mimi nawapa sifa kubwa kuliko ya Torino. Kumfunga Mmarekani ni jioni moja. Watu 43 kushikamana, wengine wakijua kuwa umri hautawapa nafasi nyingine, ni jambo zito zaidi, na halina nishani.

Msichana anayeanza sasa anaikuta njia nyingine. Ligi ya wanawake ya Sweden iliruhusu kugongana kwa mwili kuanzia msimu wa 2022 na 2023. Januari 2024 ilianza ligi ya kulipwa ya wanawake huko Amerika Kaskazini, na Waswidi wamo. Akiwa na miaka kumi na saba anaweza kupiga hesabu ya hoki kama kazi. Kim Martin wa 2002 hakuwa na hesabu hiyo.

Upande wetu wa bara, kuna mtu mmoja aliyeunganisha ncha zote mbili. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm 1981, mama Mswidi, baba Mkenya wa Kijaluo. Beki. Alianza katika klabu za Stockholm, akachezea Frölunda, akaenda Marekani, na akiwa na Chicago Blackhawks akanyanyua Kombe la Stanley mara mbili, 2013 na 2015. Alikuwamo katika timu ya Sweden iliyochukua fedha Sochi 2014. Jina la Kijaluo likachongwa kwenye kombe linalotamaniwa kuliko yote katika mchezo ule. Ni mwanamume, najua. Nimemtaja kwa sababu anajibu lile swali la vijana bila kuzunguka: damu ya Afrika Mashariki haiogopi baridi, ikipata uwanja.

Nairobi uwanja upo, mmoja. Umo ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005; mdogo kuliko kanuni zinavyotaka, uliojengwa kwa burudani ya watalii na watoto wenye fedha. Kwanza walicheza hoki humo wageni wanaoishi Nairobi, kisha vijana wa Kenya, baadhi yao wakitokea kwenye viatu vya magurudumu vya barabarani. Wakaunda timu ya Ice Lions, Simba wa Barafu. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwachukua hadi Toronto, wakavaa vifaa kamili na kucheza pamoja na nyota wa hoki wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kabla ya hapo hawakuwa na timu ya kushindana nayo, walijigawa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Wanawake wamo, na kwa kuwa wachezaji ni wachache na barafu ni moja, hufanya mazoezi pamoja na wanaume. Ndivyo walivyoanza wasichana wengi wa Sweden. Uchache huwafungulia wanawake mlango ambao wingi huufunga. Mtihani wa Kenya utakuja siku wanaume watakapokuwa wa kutosha kujaza timu zao wenyewe.

Uganda na Tanzania sina la kusema. Na Kindu, barafu tunayoijua ni ile ya wauza samaki, umeme ukikubali. Sitamdanganya mtoto wa Mikelenge kwamba atakuwa kipa wa hoki. Lakini mambo mengine yako karibu zaidi na hapa. Zaire ilitwaa ubingwa wa Afrika wa kikapu cha wanawake 1983, 1986 na 1994. Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alicheza Olimpiki ya Atlanta 1996, na mwaka uliofuata akaingia ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani katika msimu wake wa kwanza kabisa. Akiwa na Los Angeles Sparks alichukua ubingwa 2001 na 2002. Na ile timu ya watawa wa Élisabethville, iliyoundwa kwa ajili ya wavulana? Novemba 2024, nchini Morocco, TP Mazembe ya wanawake iliifunga FAR ya Rabat 1 kwa 0, ikawa bingwa wa klabu za wanawake za Afrika nzima. Kutoka 1939 hadi 2024 ni miaka themanini na mitano. Waswidi, kutoka Palais de Glace hadi Torino, walitumia themanini na sita.

Mwaka huo huo wa 2024, Maniema Union, timu yetu ya wanaume, iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, pamoja na Raja, FAR na Mamelodi Sundowns, na mji ulizizima kwa pikipiki na vuvuzela. Nilifurahi kama wengine. Siku zile zile nilikuwa napita kwenye viwanja vya mitaani nikimalizia safari hii ya luteni na kipa, nikaona jambo ambalo sasa nina macho ya kuliona. Wavulana hucheza kuanzia saa kumi alasiri, jua likilegea. Wasichana hucheza saa saba na saa nane mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo hakuna anayezitaka. Wavulana wakifika, wasichana hutoka, hata bao likiwa linakaribia. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa michezo ni nani aliyeupanga utaratibu huo. Akaniambia hakuna aliyeupanga, ndivyo ilivyo.

Stockholm saa mbaya zilikuwa za usiku, Kindu ni za adhuhuri. Kubadilisha saa hizo hakuhitaji mtambo wa kugandisha maji, wala Baron Empain, wala kampuni ya kahawa. Panahitajika karatasi moja yenye ratiba, na mtu wa manispaa wa kuitia sahihi. Jumanne na Alhamisi, saa kumi, wasichana. Nimepeleka pendekezo hilo kwa maandishi, na habari za barafu tutazungumza tukishajibiwa.